Makaburi Mawili ya Phonie

Korongo alishuka kwenye boti mwezi uliopita akiwa na kikapu cha samaki wakavu, mwavuli, na goti moja lisilotaka kupinda. Nilikuwa bandarini tangu asubuhi nikichungulia kila mwanamke anayeshuka, maana alikuwa ameniambia kwenye simu, "Utanijua tu, mimi ni mnene." Ala! Boti nzima ilikuwa ya wanawake wanene. Lakini alipofungua mdomo kumgombeza mbeba mizigo aliyekuwa anamburutia kikapu matopeni, nilimjua palepale. Sauti ile niliishi nayo wakati wa vita, ikitoka kwenye kisanduku cha chuma, na uso wake sikuwahi kuuona. Nikampigia kelele kwa jina lake la kazi na neno letu la kumpa mwenzako zamu ya kusema, "Korongo, Korongo, hapa Kasuku! À vous!" Akaangusha mwavuli. Tukakumbatiana katikati ya ngazi, watu wa mizigo wanatutukana tuwapishe, naye ananishika mashavu, mabega, mikono, ananigeuza huku na huku, anasema, "Kumbe wewe ni mtu wa kweli!" Jina lake halisi ni Mama Pascaline, wa Mbandaka, na alikuwa amekuja Kisangani kwa ndoa ya mpwa wake. Nikamwambia ndoa itangoja, kwanza anakuja kula kwangu.

Nilikuwa nimepika lituma, ndizi zetu za kutwanga, na pondu, kisamvu chetu, ya mawese, na samaki aliyefungwa kwenye majani. Tulipoingia, binti yangu Sifa alikuwa mezani anapigana na ordinateur, kompyuta yake. Sifa anafanyia kazi kampuni moja ya Kinshasa bila kutoka sebuleni kwangu: anafungua mashine yake hapa, na ndani yake inatokea ile ya ofisi ya kule, na vitu vyake vyote, anaitumia kana kwamba ameikalia. Siku ile ilikuwa imekataa. Mara anachomoa waya anaurudisha, mara anazima kila kitu anawasha, mara anaandika neno lake la siri pole pole, herufi kwa herufi, na midomo inatembea. Mama Pascaline akamuuliza, "Mwanangu, iko nini?" Sifa akajibu bila kuinua uso, "Connexion, mama. Huku kwangu kila kitu iko bien. Ni kule tu hawajibu." Mama Pascaline akanitazama, mimi nikamtazama, na cheko likatushika mpaka akajifuta macho kwa pindo la kitenge. Sifa akakasirika, akasema si jambo la kuchekwa, ana kazi ya watu. Nikamwambia hatumcheki yeye. Tunajicheka sisi, na kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kusikiliza siku ile, namwandikia hapa.

Mwaka ule wa vita nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nyumba ya phonie, redio ya kuitana mji kwa mji, ndiyo iliyonilea. Ilikuwa chumba kimoja tu, ubavuni mwa nyumba ya Tonton Saidi, kaka ya mama yangu, katika komini ya Tshopo. Ukuta umepakwa chokaa ya buluu hadi usawa wa bega, juu yake moshi. Meza ya mninga, na juu yake mashine, kijivu, nzito, yenye kidirisha cha namba kilichowaka manjano. Chini ya meza betri ya lori. Waya unatoka dirishani, unapanda kwenye mnazi, unavuka uwanja hadi kwenye mchikichi wa jirani. Mabenchi mawili kwa wanaosubiri. Mto ulikuwa umefungwa kwa vita, barua hazipiti, simu hakuna. Aliyetaka kujua kama ndugu yake wa Kinshasa yuko hai alikuja kwetu. Mtu anakuja kwa muda aliopangiwa, kule upande wa pili wanamtuma mtu kumwita ndugu, na wote wawili wanapigiana kelele huku benchi zima linasikiliza. Siri haikuwepo. Nimesikia talaka, nimesikia jina la mtoto likibishaniwa wiki tatu, nimesikia mzee mmoja akimuuliza mkewe nyundo yake iko wapi kabla hajamuuliza hali. Benchi lilitoa maoni. "Eh, huyu mwanaume huyu!" wanawake wanasema, na mkewe kule anasikia, anashukuru.

Wakubwa waliotutawala wakati ule hawakupenda tuongee na Kinshasa, na wale wa Kinshasa hawakupenda tuongee na huku, basi sisi wa mashine tukajipa majina ya ndege. Sisi Kisangani tulikuwa Kasuku. Mbandaka alikuwa Korongo. Kinshasa alikuwa Bata, na Bata ni Tonton Ramazani, mdogo wake Tonton Saidi, na nyumbani kwa Bata ndipo alipokuwa mama yangu. Mama alikwenda Kinshasa kutibiwa moyo, vita vikafunga njia nyuma yake. Daktari alimkataza chumvi, kupanda ngazi, ugomvi na habari mbaya. Mama alisema chumvi ataacha. Kila Jumamosi alikaa mbele ya mashine ya kule, Tonton Ramazani akimwendeshea, na mimi huku nikamwambia tuko salama, tunakula, tunalala. Siku nyingine risasi zinalia upande wa pili wa mji nami nafunika dirisha kwa godoro ili asisikie, namwambia tuko salama. Sijutii hata neno moja. Moyo ule ndio ulikuwa mali yangu yote, na kazi yangu ilikuwa kuupelekea habari nzuri.

Halafu majeshi mawili ya wageni yakapigana ndani ya mji wetu. Nani alikuwa na haki, waulize wao. Sisi tulikuwa chini ya vitanda. Bomu moja lilianguka jikoni kwetu. Hatukuwa jikoni, alhamdulillahi, lakini paa la jiko lilikwenda, na la nusu ya nyumba likalala. Mapigano yalipotulia kidogo, asubuhi, Tonton akasema tunakimbilia shambani upande wa barabara ya Banalia, na mashine haiwezi kubebwa, na ikibaki itaibiwa. Akasimama uwanjani anajikuna kidevu. Mwaka ule watu wengi walizika wapendwa wao uani, kwa sababu makaburini hakukufikika, na hilo nalisema bila mzaha. Tonton akaona. "Askari atabeba sufuria," akaniambia, "atabeba mlango, atabeba hata kuku wa mgonjwa. Maiti mubichi hataichimba." Tukachimba mashimo mawili. Refu kwa mashine ndani ya sanduku la bati, pamoja na fimbo za antena. Fupi kwa betri. Tukafunika, tukapandisha udongo vizuri, tukalaza matawi ya michikichi juu, na kichwani mwa kila kaburi tukaweka sahani iliyogeuzwa, kama ilivyo huku kwetu. Tonton alirudi nyuma akaangalia kazi yake, akasema Mungu amsamehe. Tukaondoka.

Tuliporudi baada ya wiki kadhaa, mlango ulikuwa umekwenda, sufuria zimekwenda, waya wa antena umekwenda. Makaburi yalikuwepo, hayajaguswa, na mtu mwenye huruma alikuwa ameweka maua. Tonton akasema bismillahi, akainua jembe. Jirani yetu Mama Albertine, aliyekuwa amerudi siku iliyotangulia, akatokea akikimbia na mikono kichwani. "Saidi! Saidi! Unafukua nani?" Tonton akamwambia, "Phonie." Mama Albertine akakaa chini. Kumbe maua yalikuwa yake, na alikuwa ameshatulilia. Alikasirika sana kwa machozi yake, akadai maua yarudishwe, tukamrudishia.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya kutafuta tatizo. Tukamwita Dido, Mlokele wa Isangi, aliyekuwa mtu wa redio kwenye boti kabla mto haujafungwa, na tangu ufungwe anatembea mjini anatafuta mtu wa kumsikiliza. Alikuja kwenye toleka, amekaa nyuma ya baiskeli kama gavana, na koti mabegani. "Bon," akasema, "mashini ni kama mugonjwa. Donc unaanza na tumbo." Tumbo ni betri. Tukaipeleka kwa mtu mwenye jenereta, ikanywa umeme, ikarudi na nguvu. Mashine ikawaka taa lakini haikutoa sauti. Dido akafungua mgongo wake, akakuta udongo umeingia kwenye vishikizo vya nyaya, akaomba lotoko, pombe yetu ya kienyeji, akasafishia kidogo kwa pamba na iliyobaki akainywa, eti isiharibike. Mashine ikaanza kukoroma. Sijasikia mkoromo mzuri vile maishani mwangu. Tukavuta waya mpya, Dido akiupima kwa mikono yake miwili iliyonyooshwa, anahesabu kwa Kilokele. Nikashika mikro, nikaita Banalia. Banalia akajibu kwa furaha. Nikaita Isangi. Isangi akajibu, akauliza kama Dido yupo, maana bado anamdai wavu wake. Dido akaashiria nimwambie hayupo.

Nikaita Kinshasa. "Bata, Bata, hapa Kasuku, à vous." Kimya. Asubuhi, mchana, alasiri, kimya. Nilimtazama Sifa mwezi uliopita pale mezani nikaona uso wangu mwenyewe wa wakati ule. Ukiwa na tatizo la mawasiliano, kwanza unajilaumu. Unarudi kwenye kila kitu ulichokwisha kukagua, kwa sababu kitu unachoweza kushika kwa mkono ndicho kinachokupa matumaini. Tuliteremsha antena tukaipandisha tena. Dido alisema inaangalia vibaya, igeuzwe ielekee Kinshasa. Tukaihamishia kwenye mchikichi mwingine. Alisema ni jua. Alisema ni mvua. Alisema ni wakubwa wanaziba mawimbi makusudi. Nikamuuliza wanawezaje kuziba Bata peke yake na kumwacha Isangi aulize habari za wavu? Akasema, "Ma petite, kuna mambo ya siri katika mawimbi." Nilitaka kumpiga na fimbo ya antena. Lakini kila asubuhi alirudi, na alikuwa halipwi kitu ila sahani ya pondu, na leo namshukuru.

Siku moja walikuwa wanakula kwenye baraza, Tonton na Dido, nami niko ndani nimelala kifudifudi kwenye benchi, koo limekauka kwa kuita. Walidhani nimesinzia. Dido alikuwa anasema mashini iko muzima kabisa, hajui afanye nini tena. Nikasikia kijiko cha Tonton kinawekwa. "Miye siogopi mashini," akasema. "Watu wengi wamekimbia kutoka hapa, na kila mutu amekimbia na hadithi yake. Kama kuna mutu alifika Kinshasa akamuambia dada yangu kwamba mutoto yake haiko tena, Dido, ile moyo haitabeba. Tutafungua mashini hii siku moja, na tutapewa habari ya kifo ya kwake." Dido akasema, "Papa Saidi, usiseme vile." Lakini alikuwa ameshasema. Niliinuka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, nikashika ukuta. Tangu siku ile kila nilipoita Bata niliita kama mtu anayekimbia, na usinisemeshe, maana nilikuwa nakufokea.

Korongo hatukuwa tumemwita. Mbandaka ilikuwa upande wa serikali, kambi ya askari iko karibu na mashine yake, na alifungua kwa saa zake tu. Lakini asubuhi moja, nikizungusha namba bila matumaini, nikamsikia anaongea na mtu kuhusu samaki wa moshi. Sauti ileile ya kugombana. Nikasubiri amalize, nikaingia. "Korongo, Korongo, hapa Kasuku, à vous." Kimya. Nikarudia, nikataja na jina langu, "Ni Zaina wa Kisangani, mama." Nikasikia mtu anavuta pumzi, halafu tak, amezima. Nikamgeukia Dido. Dido akasema, "Unaona? Mambo ya siri."

Kesho yake saa ileile, yeye ndiye aliyeita. Aliongea Lingala, lugha yake, kwa sauti ya mtu aliye kanisani. "Wewe unayejiita Kasuku," akasema, "tunakusikia. Usituletee shida. Unataka nini? Misa? Tutakuombea misa." Nikasema, "Mama, mimi ni Muislamu, misa ya nini?" Akasema basi atamtafuta shehe. Hapo hasira ikanipanda, hasira ya wiki zote zile, sikuizuia. Nikamwambia nimefukua betri kwa mikono yangu hii, kucha zimevunjika, nyumba haina paa, jana nimenyeshewa kitandani, nina njaa, mama yangu ni mgonjwa Kinshasa na hakuna anayenijibu, na wewe mtu mzima unanifungia mashine usoni, halafu unaniletea misa! Nilisema na maneno mengine ambayo msichana hamwambii mtu mzima. Nilipoachia kifungo cha mikro, likaja yowe. "Nzambe na ngai, Mungu wangu! Yuko hai! Maiti hawatukani hivi!" Alikuwa analia na kucheka pamoja, na nyuma yake nikasikia watu wa benchi lake wanapiga makofi. Siku aliposhuka kwenye boti aliniambia usiku wa kuamkia siku ile ya kuniita alikuwa amelala na rozari imezungushwa kwenye mikro.

Ndipo tukajua. Mfanyabiashara mmoja wa vitenge, mteja wetu, mtu mwaminifu, alikuwa amepita nyumbani kwetu tulipokuwa shambani, kabla hajateremka mto kwa siri kwa pirogi, mtumbwi, kituo kwa kituo, mpaka Mbandaka na kutoka hapo Kinshasa. Alikuta paa limelala. Akaita hodi, hakuna mtu. Akaingia uani akaona makaburi mawili mabichi, moja refu, moja fupi. Tonton Saidi ni mrefu. Mimi, mnaonijua mnajua. Alisimama akawasomea Fatiha sanduku la bati na betri ya lori, akafuta machozi, akaenda akaripoti alichokiona kwa macho yake. Hakusema uongo hata neno moja, masikini. Na kwa Bata wakaweka matanga. Katika ukoo wetu nyumba ya matanga haisikiki redio mpaka arobaini ipite, na Tonton Ramazani, mtu wa kufuata desturi mpaka mwisho wake, alisema redio ni redio. Akachomoa waya, akafunika mashine kwa shuka nyeupe. Wiki zote zile tunapanda michikichi na kushuka, kule hakukuwa na kitu kilichoharibika. Walikuwa wametuzimia mashine kwa heshima yetu.

Dido alipoelewa aliruka juu. "Nilisema! Nilisema mashini iko muzima!" Tonton Saidi alikaa kwenye benchi la wateja akacheka hadi akakohoa, kisha kicheko kikageuka, akafunika uso kwa kofia. "Ni jembe yangu," akasema, "ni jembe yangu imetuua." Mimi sikucheka. Nilikuwa nimembana Korongo, "Na mama yangu? Mama yangu yuko namna gani?" Naye akajibu pole pole, "Mwanangu, tangu wazime sijui kitu. Nilisikia tu kwamba ameambiwa."

Ameambiwa. Basi palikuwa na jambo moja tu duniani, neno letu limfikie kabla moyo haujachoka. Korongo alisema anajua phonie nyingine Kinshasa, mtaa wa mbali na kwa Bata, ya mwanamke jirani yake wa zamani. Atamtuma huyo aende kwa miguu. Mara tukaanza kubishana, kwa mawimbi, mbele ya benchi la Mbandaka, jinsi ya kumwambia mgonjwa wa moyo habari njema. Tonton alisema furaha pia inaua, yeye ameiona. Benchi la Mbandaka likakubaliana naye, kila mtu akawa na shangazi aliyekufa kwa furaha. Mwishowe tukapanga vizuri: mjumbe amtafute Ramazani peke yake, pembeni, amwambie awashe mashine Ijumaa baada ya swala, Ramazani ndiye atamwandaa Mama, kwa hatua, kwa maji ya kunywa, akiwa amekaa. Mpango mzuri sana. Ila mjumbe alichelewa njiani, akafika Ijumaa yenyewe wanaume wakiwa bado msikitini, akamkuta Mama mlangoni anachambua mboga, na huyo mwanamke, Mungu ambariki, hakuweza kujizuia.

Sisi tulikuwa tumekaa mbele ya mashine tangu asubuhi, hatujala. Adhana ilipita. Mara mkoromo ukakatika, mawimbi yakawa safi, na nikasikia mtu anahema. Halafu, "Zaina?" Nikashika meza. "Zaina, ni weye? Huyu mama anasema uko hai. Kama ni weye, jibu."

Sharti nieleze hapa kwa ajili ya wasioijua phonie. Mikro ina kifungo. Ukikibonyeza unasema, ukikiachia unasikia. Viwili pamoja haviwezekani, na mmoja akikishikilia, hakuna mwingine anayepita. Mama hakuwahi kuigusa mikro ile. Ramazani ndiye aliyekuwa akiibonyeza na kuiachia. Sasa yule mjumbe alikuwa amemwashia mashine akakimbilia msikitini kumwita Ramazani, na Mama amebaki na wanawake wa nyumbani tu, ameikamata kwa mikono miwili kama anavyokamata kuku, na haachii. "Jibu basi, mwana yangu. Mbona unanyamaza? Unakula? Nilikataa wasininyoe nywele, unasikia? Walileta wembe nikasema sijaona maiti, sinyoi. Shangazi zako wamenikasirikia. Zaina, jibu." Nilikuwa napiga kelele, "Achia, Mama, achia kifungo!" na kelele yangu inaishia kwenye ukuta wa buluu. Dido anapiga kelele. Tonton anapiga meza. "Zaina. Zaina. Hajibu," nikamsikia anamwambia mtu, halafu kwetu tena, kwa sauti ndogo zaidi, "Iko kelele ya mashini tu. Hakuna mutu. Mumenidanganya juu mumenionea huruma. Nilimuambia Mungu, kama mutoto haiko, hii moyo ya nini tena, uichukue. Akakataa. Kila asubuhi naamka nayo." Sijapata kuumia namna ile, wala kabla wala baadaye. Nilikuwa hai, nimekaa, nina koo, nina mdomo, na mama yangu alikuwa ananizika mara ya pili masikioni mwangu kwa sababu ya kidole gumba chake. Dido akanishika bega. "Ma petite, ngoja. Atapumzika mukono. Shika mikro tayari. Ngoja."

Mama akaiweka mikro mezani ili alie vizuri. Nikasikia inagonga mbao, na tak, njia ikafunguka. Wiki zote zile nilikuwa nimepanga maneno, kuna mengine mazuri kabisa. Yaliyotoka ni haya: "Mama! Usiguse tena hiyo kitu!" Nilimfokea mama yangu mgonjwa. Halafu nikaendelea bila kupumua, nikamwambia ni mimi, ni mimi, Tonton yuko hapa, makaburi ni ya mashine na betri, hatuna hata mkwaruzo, nimekonda kidogo tu, nywele asinyoe, aketi, anywe maji, asilie, alie. Nikamaliza kwa mazoea, "À vous," nikaachia.

Hakuna kitu. Mkoromo. "À vous, Mama." Mkoromo tu. Nikamwangalia Tonton, na Tonton alikuwa ameshakaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, midomo yake inasoma. Nilijua anachofikiri, kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiri kilekile, furaha pia inaua, na ni mimi niliyeifokea hiyo furaha masikioni mwake. Nikaita tena. Nikaita mpaka jina lake likawa halina maana. Dido alikuwa amegeukia dirishani.

Ndipo tak, na sauti ya mwanaume anayehema, ametoka mbio, na nyuma yake kelele za wanawake, vigelegele, mtu anaangusha sahani. "Kasuku, Kasuku, hapa Bata," akasema Tonton Ramazani. "Zaina, niko naye hapa. Amekaa mbele ya mashini, mikono juu ya kichwa, analia, anacheka, anataka kula. Nimemuambia ajibu, anakataa. Ananipiga makofi na miye nisiguse. Anasema Zaina amekataza. À vous."